HDMI, AV, component au antena: waya upi wa kuunganisha deki na runinga?

Kabla ya kwenda dukani, geuza runinga na deki uone matundu yaliyopo nyuma. Waya unaofaa ni ule ambao mashine zote mbili zina tundu lake, na kwa watu wengi mjadala unaishia hapo: deki ya kawaida ya VHS haina HDMI, TV ya chogo haina HDMI, na runinga bapa nyingi za miaka ya karibuni zimenyimwa matundu ya rangi tatu, zikaachiwa kitundu kimoja cha duara au hata hicho zisiachiwe. Uchaguzi hasa unaanza pale mashine zote mbili zinapokuwa na njia mbili au tatu kwa pamoja. Hapo ndipo fedha hutupwa.

Cha pili ni kilichomo kwenye diski au kanda yenyewe. DVD ya PAL, mfumo wa picha unaotumika huku, ina picha ya nukta 720 kwa 576. Ya NTSC, mfumo wa Marekani, ni 720 kwa 480. Kanda ya VHS ni hafifu zaidi, uwezo wake ni kama mistari 240 tu kutoka kushoto kwenda kulia. Blu-ray hufika 1920 kwa 1080. Waya mzuri hupunguza upotevu njiani, basi. Kisichorekodiwa hakiletwi na waya wowote. Vivyo hivyo kwa flashi: deki nyingi za DVD za zamani hukataa faili za filamu za siku hizi kwa sababu chipu yake haizifahamu, na kubadili waya hakutasaidia.

| Njia | Vichwa | Picha ya juu kabisa | Sauti | Inapofaa |
|---|---|---|---|---|
| Antena | 1 | 576i, mara nyingi na chenga | Humohumo, kwa kawaida mono | Chogo isiyo na AV |
| AV | 3 | 576i | Stereo | VHS, chogo, umbali mrefu |
| S-Video | 1 na 2 vya sauti | 576i, rangi safi zaidi | Waya wa pembeni | Ikiwepo pande zote |
| SCART | 1 | 576i, RGB (nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake) ikiwezekana | Stereo | Vifaa vilivyotoka Ulaya |
| Component | 3 na 2 vya sauti | 576p kwa DVD, 1080i kwa vifaa vikubwa | Waya wa pembeni | DVD kwenye bapa isiyo na HDMI ya ziada |
| HDMI | 1 | 1080p na kuendelea hadi 4K | Humohumo | Blu-ray, na bapa yoyote yenye nafasi |

Herufi i ina maana mistari ya picha inachorwa kwa zamu, ya witiri kwanza kisha ya shufwa. Herufi p ina maana yote inachorwa kwa mpigo mmoja, ndiyo maana p hutulia zaidi machoni kwenye kioo kikubwa.

## AV, zile rangi tatu

Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Unatoka OUT ya deki kwenda IN ya runinga. Kosa linaloongoza ni kuchomeka kwenye AV OUT ya runinga, kwa sababu chogo nyingi zina safu mbili za matundu yanayofanana, moja ya kuingiza na nyingine ya kutoa, na maandishi yake ni madogo au yameshafutika. Dalili ni kioo cha bluu au cheusi huku deki ikiwa inacheza. Hakuna kinachoungua, hamisha tu vichwa. Kisha bonyeza SOURCE, INPUT au AV kwenye rimoti ya runinga. Baadhi ya chogo za zamani hazina kitufe hicho. AV yake iko kwenye chaneli 0, au inapatikana kwa kushuka chini ya chaneli 1.

Udhaifu wa AV uko kwenye ule waya wa njano. Mwanga na rangi husafiri vikiwa vimechanganywa, na runinga inalazimika kuvitenganisha tena. Kazi hiyo haifanyiki kikamilifu, ndiyo maana maandishi mekundu huvuja pembeni na shati la mistari myembamba humulika rangi za upinde wa mvua ambazo hazimo kwenye filamu. Kwenye chogo ya inchi 21 kasoro hizo hazionekani sana. Kwenye bapa ya inchi 43 utaziona tu. Kwa VHS, hata hivyo, AV inatosha kabisa, maana kanda yenyewe ina kasoro kubwa kuliko za waya. Muuzaji anayekupigia debe la waya wa bei kali kwa ajili ya VHS anakupotezea hela.

Runinga yenye spika moja huwa na tundu moja la sauti, limeandikwa L/MONO. Chomeka nyeupe, nyekundu iache ining'inie. Ila kumbuka kwamba VCD nyingi za karaoke hubeba sauti mbili tofauti, upande mmoja muziki mtupu na upande wa pili muziki pamoja na mwimbaji. Ukisikia ala bila mwimbaji, usilaumu waya: tafuta kitufe cha L/R au AUDIO kwenye rimoti ya deki ubadilishe upande.

Picha ikija bila rangi, kagua mambo matatu kwa mpangilio huu. La kwanza, tundu. Runinga bapa nyingi huunganisha AV na component kwenye tundu moja lenye rangi ya kijani na njano kwa pamoja. Njano ya deki ikiwa humo huku runinga imewekwa kwenye Component, utaona picha ya kijivu. Chagua AV kwenye orodha ya SOURCE. La pili, mfumo wa rangi. Deki ikitoa NTSC kwenye chogo inayojua PAL pekee, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, au inapanda juu mfululizo bila kutulia. Ingia SETUP ya deki, sehemu ya TV SYSTEM au TV TYPE, uweke PAL au AUTO. La tatu, deki yenyewe imeamriwa itoe picha ya aina nyingine, kwa mfano YUV, yaani component, badala ya CVBS. CVBS ndilo jina la AV katika menyu za deki nyingi.

Jambo hilo la tatu lina ndugu yake anayesumbua zaidi. Mtu anazungukazunguka kwenye menyu, anachagua P-SCAN (ile picha ya herufi p), na ghafla picha inapotea au inageuka michirizi. Menyu nayo haionekani tena, kwa hiyo hawezi kurudi. Deki haijaharibika. Toa diski, acha deki iwake, kisha bonyeza kitufe cha P-SCAN, V-MODE au VIDEO kwenye rimoti yake, ukisubiri sekunde 5 kila unapobonyeza, hadi picha irudi. Ikiwa una runinga yenye HDMI au component karibu, unganisha huko kwa muda, rekebisha menyu, halafu rudi kwenye AV.

Onyo moja kwa wenye VHS na DVD pamoja: usipitishe picha ya DVD ndani ya deki ya VHS ili ifike kwenye runinga. Diski nyingi za studio zina kinga ya kunakili iitwayo Macrovision, inayochezea vipimo vya mwanga ndani ya deki ya VHS. Matokeo ni picha inayong'aa na kufifia kila baada ya muda, na mafundi wengi wamebadilisha waya na hata lenzi kwa tatizo hilo bila mafanikio. Kila deki iende kwenye runinga kwa njia yake.

## Runinga yenye kitundu kimoja cha duara

Hiki ni kitundu cha milimita 3.5 kilichoandikwa AV IN. Kinafanana na cha hedifoni, na kweli watu huchomeka kwenye tundu la hedifoni wakasubiri picha. Kichwa chake kina sehemu nne zilizotenganishwa kwa pete tatu. Cha hedifoni ya kawaida kina pete mbili.

Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana sehemu ipi ibebe picha. Kwenye waya mmoja picha iko kwenye sehemu iliyo karibu na mpini, kwenye mwingine iko sehemu ya pili kutoka nchani. Kwa hiyo waya uliokuja na king'amuzi unaweza kuingia vizuri kwenye runinga yako na usikupe kitu zaidi ya mlio wa kukoroma. Jaribu kubadilisha upande wa deki: chomeka nyekundu kwenye tundu la njano, kisha nyeupe. Picha ikitokea, waya wako ni mzima, rangi zake tu ndizo hazilingani. Zibandike alama na uendelee kuutumia. Kama hakuna mpangilio unaokubali, basi sehemu ya ardhi ya waya huo imekaa mahali pengine, na utahitaji ule uliotengenezwa kwa ajili ya runinga hiyo. Ukinunua runinga mpya, kipande kifupi chenye matundu matatu ya rangi kilichomo kwenye boksi kisitupwe na maboya.

## Antena

Chagua njia hii pale tu ambapo runinga haina AV. Deki ya VHS ina RF OUT. Deki nyingi za DVD hazina, na itabidi ununue kisanduku cha RF modulator kinachopokea rangi tatu na kutoa waya wa antena. Washa deki, cheza kanda, kisha tafuta chaneli za analojia kwenye runinga, ukichagua ATV na si DTV. Deki za PAL hutoa picha kwenye UHF, kati ya chaneli 21 na 69, nyingi karibu na 36. Picha ikija na sauti ikawa mvumo mtupu, mfumo wa sauti haulingani: kwenye menyu ya runinga, SOUND SYSTEM, jaribu BG, kisha I, kisha DK.

Zamani chaneli ya deki iligombana na ya kituo cha televisheni. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikamaliza mwaka 2015, ugomvi huo umebadilika sura: mnara wa dijitali ulio kwenye chaneli ileile huonekana kama chenga nzito zinazofunika picha ya deki. Sogeza deki chaneli tatu au nne mbele. Deki za zamani zina skrubu ndogo ya kazi hiyo nyuma, za baadaye zinayo kwenye menyu.

## Component au HDMI kwa DVD

Hapa ndipo penye swali la haki, kwa kuwa bapa nyingi za kati ya mwaka 2006 na 2015 zina zote mbili, na deki nyingi pia.

Component hugawa picha katika nyaya tatu: kijani hubeba mwanga, bluu na nyekundu hubeba tofauti za rangi. Hakuna kuchanganya, hivyo hakuna kuvuja. Ukiweka deki kwenye YPbPr (jina jingine la component) na P-SCAN, DVD hutoka kwa 576p, na ukikaa mita 2 au 3 kutoka kwenye kioo huwezi kuitofautisha kirahisi na ya HDMI. Kwa hiyo kama tundu lako pekee la HDMI limeshikwa na king'amuzi, iache DVD kwenye component kwa amani kabisa. Na usikimbilie kununua waya maalumu. Seti mbili za nyaya za AV zina vichwa sita, wewe unahitaji vitano, na waya haujui rangi ya plastiki yake. Cha msingi ni kwamba vile vitatu vya picha vichomekwe kwa kulingana pande zote mbili.

Makosa yake ni ya vichwa vyekundu, kwa sababu viko viwili: kimoja cha picha, kimoja cha sauti. Ukivibadilisha, picha hukosa wekundu na spika ya kulia hunguruma. Ukibadilisha bluu na nyekundu za picha, nyuso za watu zinakuwa za bluu. Kijani kikilegea, picha yote inaondoka. Bluu na nyekundu vikilegea, inabaki ya kijivu.

HDMI inashinda kwa urahisi: waya mmoja, picha na sauti, hakuna rangi za kukosea. Kwa Blu-ray hakuna mjadala, chukua HDMI. Kwa DVD, deki itakuambia inatoa 1080p. Maana yake ni kwamba inainyoosha ile picha ya 720 kwa 576 ijaze kioo, kazi ambayo runinga nayo inaifanya kila siku. Jaribu mara mbili: deki ikiwa 576p runinga ijinyooshee yenyewe, kisha deki ikiwa 1080p. Shika inayokupendeza. Mara nyingi runinga nzuri yenye deki ya bei ndogo hufanya vizuri zaidi kwenye 576p.

HDMI ikigoma, hugoma kwa namna yake. Kioo cheusi kabisa bila chenga yoyote kwa kawaida ni mashine mbili kushindwa kutambuana. Zima zote, washa runinga kwanza, chagua HDMI yenye namba sahihi, kisha washa deki. Ikiwa runinga ni ya zamani yenye kioo cha 1366 kwa 768, huenda haikubali 1080p; bonyeza RESOLUTION au HDMI kwenye rimoti ya deki hadi ifike 720p. Nukta nyeupe zinazometameta, au picha inayozimika sekunde mbili na kurudi, ni waya mbovu, mrefu mno, au kichwa kilicholegea. Waya wa HDMI ukiwa na hitilafu hauleti picha yenye ukungu kidogo wala rangi iliyopauka. Anayekuambia waya wake hukoleza rangi anakudanganya.

Dukani utaona nyaya zimeandikwa 1.4, 2.0 na 2.1. Hizo ni namba za matundu na mashine. Nyaya zenyewe zina madaraja: High Speed, inayotosha 1080p na 4K ya fremu 30 kwa sekunde, Premium High Speed ya gigabiti 18 kwa sekunde, na Ultra High Speed ya gigabiti 48. Kwa DVD na Blu-ray ya kawaida, High Speed ya mita 1.5 imemaliza kazi. Kupakwa dhahabu hakubadilishi picha, ingawa kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja kuna faida ya kweli: chumvi ya hewa ya bahari hula vichwa vya chuma cha kawaida, hasa vya AV na component, na ndani ya miaka michache utaanza kuzungusha kichwa ili sauti ya upande mmoja irudi.

Tundu la HDMI lina pini 19 ndogo zilizolehemiwa kwenye bodi ya runinga. Runinga ikiwa imetundikwa ukutani, waya mnene unaokunjwa kwa nguvu huvuta lehemu hiyo kila siku hadi inaachia. Adapta ya kona ya nyuzi 90 ni kinga rahisi kuliko fundi.

## SCART na S-Video, kwa wachache

S-Video ni tundu la duara lenye pini nne, likitenganisha mwanga na rangi. Ikiwepo pande zote mbili ni bora kuliko njano kwa DVD, na haiongezi chochote kwenye VHS ya kawaida. Haibebi sauti.

SCART ni kile kichwa kipana cha pini 21 kilichoanzia Ufaransa, na utakikuta kwenye runinga na deki za mtumba kutoka Ulaya. Faida yake kubwa ni kubeba RGB, picha inayokaribia component, na pini yake ya 8 huiambia runinga ijibadilishe yenyewe kwenda AV deki inapowaka. Sharti waya uwe na pini zote. Nyaya nyembamba za bei ya kutupa huunganisha chache tu na zinakupa picha ya AV ndani ya kichwa kikubwa. Ukitumia adapta ya SCART kwenda rangi tatu, angalia kiswichi kilichoandikwa IN na OUT. Adapta ikiwa kwenye runinga, iwe IN. Ikiwa kwenye deki, iwe OUT. Kiswichi hicho kidogo kimesababisha deki nzima kutupwa.

## Pale matundu yasipolingana: konvata

Kuna waya unaouzwa ukiwa na kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili, bila kisanduku chochote katikati. Usiununue kwa ajili ya deki na runinga. HDMI hubeba namba za dijitali, AV hubeba mawimbi ya analojia, na kati ya hizo mbili lazima pawe na chipu ya kutafsiri. Waya mtupu hauna chipu, hivyo hautatoa picha hata ukiugeuza vipi.

Kinachohitajika ni kisanduku, na viko viwili vinavyofanana kama mapacha. HDMI2AV hupokea HDMI na kutoa rangi tatu: ni ya deki mpya au king'amuzi kwenda chogo. AV2HDMI hupokea rangi tatu na kutoa HDMI: ni ya deki ya VHS au DVD ya zamani kwenda bapa. Hakuna kinachofanya kazi ya mwenzake. Katika maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, Nairobi, soma maandishi ya juu ya kisanduku chenyewe pamoja na maneno INPUT na OUTPUT, kwa sababu boksi huweza kubadilishwa.

Konvata hizi hutumia umeme wa volti 5 kwa waya wa USB. Zichomekwe kwenye chaja ya simu. Tundu la USB la runinga linaweza kutosha, lakini baadhi ya runinga huzima USB zinapokuwa kwenye chaneli fulani, au hutoa umeme mdogo, na picha inakuja na kukatika. HDMI2AV ina kiswichi cha PAL na NTSC pembeni. Kwa chogo ya huku kiweke PAL. Isipotoa kitu kabisa wakati Blu-ray inacheza, ila inatoa menyu ya deki, kinachozuia ni HDCP, kinga ya kunakili iliyo ndani ya HDMI, ambayo konvata hiyo haiifahamu. AV2HDMI yenyewe hupenda kunyoosha picha ya 4:3 ijaze kioo cha 16:9, watu wakawa wanene. Rekebisha kwa kitufe cha ASPECT au ZOOM cha runinga. Na ile 1080p iliyoandikwa juu yake ni kunyoosha tu, kama tulivyoona kwa deki.

## Waya mrefu na TV zaidi ya moja

Kwenye kibanda umiza, ambako deki iko mlangoni na runinga iko mbele, AV inaweza kuwa chaguo bora kuliko HDMI. Waya wa HDMI wa kawaida huaminika hadi mita 5 hivi. Kuanzia 10 unahitaji mnene zaidi au wenye chipu ndani, na huo una upande: kichwa kilichoandikwa SOURCE kiende kwenye deki. Picha ya AV husafiri mita 15 bila shida kubwa kwenye waya wa koaxial wa omu 75. Waya wa dishi wa RG6 ni wa omu 75, na fundi anaweza kuufunga vichwa vya AV. Sauti ikipita kwenye waya mwembamba usio na wavu, itaokota mvumo wa umeme. Usiulaze sambamba na waya wa soketi.

Kugawa picha ya AV kwa kipande cha Y ni kosa la kawaida. Deki hutoa volti 1 kwa runinga moja. Ukiweka mbili inashuka hadi karibu theluthi mbili, na vioo vyote viwili vinakuwa na giza. Toa AV OUT ya runinga ya kwanza upeleke ya pili, au nunua splita ya AV yenye umeme wake. Kumbuka AV OUT ya runinga nyingi haitoi kilichoingia kwa HDMI. Kwa HDMI omba splita, siyo swichi: splita ni deki moja kwa runinga mbili, swichi ni deki mbili kwa runinga moja. Runinga zikiwa tofauti, splita nyingi huteremka hadi kiwango cha ile ya chini.

## Sauti ya sabufa

Deki nyingi za DVD hutoa HDMI na AV kwa wakati mmoja. Tumia hilo: picha iende runinga kwa HDMI, nyeupe na nyekundu ziende moja kwa moja sabufa, runinga inyamazishwe. Sauti ikitangulia midomo, runinga ndiyo inayochelewesha picha ikiichakata. Weka picha kwenye Game, ucheleweshaji hupungua.

Tundu la rangi ya chungwa lililoandikwa COAXIAL ni sauti ya dijitali. Linaingia kichwa cha njano bila kizuizi, na hutapata picha wala sauti. Diski fulani ikikosa sauti kwa HDMI huku nyingine zinasikika, ingia AUDIO kwenye SETUP ya deki, badilisha RAW au BITSTREAM iwe PCM. Runinga nyingi haziwezi kufungua DTS, aina ya sauti iliyobanwa iliyomo kwenye baadhi ya diski.

## Umeme

Chomoa runinga, deki na sabufa kwenye soketi kabla ya kugusa waya wowote wa nyuma. Mashine zenye plagi ya pini mbili huvujisha umeme mdogo kwenye vyuma vyake, ndio ule mtekenyo unaousikia kidoleni, na HDMI ikichomekwa kati ya mashine mbili zenye tofauti hiyo, chipu ya tundu inaweza kufa papo hapo. Anza na nyaya za picha na sauti, umeme uwe wa mwisho. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa na waya wa dishi au antena pia: kama king'amuzi, runinga na sabufa vimeungana, radi inayoingia kwa dishi ina njia ya kufika kwenye vyote vitatu hata kama umezima kwenye swichi.